Nilivyowaingiza kuku wa mapambo kwenye banda la Bi Mkubwa

Aliyeanzisha ule ushauri wa "waingize usiku, asubuhi wataamka wanajuana" sijui alikuwa anafuga nini, ila si kuku. Kuku sura za wenzake anazijua moja moja. Kukipambazuka tu anajua nani ni mwenyeji na nani kaja kumlia pumba zake.

Nilikuwa na kuku sita wa mayai, wa kawaida kabisa, chini ya utawala wa koo mwekundu ninayemwita Bi Mkubwa. Yeye ndiye anayeanza kula na kunywa, na ole wake atakayeonekana kwenye kiota cha pembeni. Nikataka kuongeza rangi kidogo uani: Silkie wawili wenye manyoya kama sufi, Polish wawili wenye vishungi vya kufunika macho, na Brahma mmoja, wa ile aina ya kuku wenye miili mikubwa. Kwa pesa niliyotoa ningejaza banda kuku wa kawaida na chenji ikabaki. Nyumbani bado nasutwa.

Karantini sitaisimulia, kila mfugaji anaijua: wiki nne mbali na wenyeji, na wageni unawahudumia mwisho. Nitasema tu kwamba muuzaji aliniapia hawana hata chawa. Nikambeba Brahma, nikayapekua manyoya ya miguuni kwa tochi. Magamba yalikuwa yameinuka, na chini yake ukoko mweupe wa ungaunga. Utitiri wa miguu. Kwa kuku mwenye miguu mitupu ungeuona ukiwa bado getini, lakini Brahma kafunikwa manyoya mpaka vidoleni. Nikawa namloweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu, namsugua taratibu kwa mswaki wa zamani, kisha nampaka mafuta ya mgando yauzibie utitiri pumzi. Yeye anatulia tuli kama bibi harusi anayepakwa hina. Usitegemee magamba yanyooke upesi. Yale mabovu huanguka kwa wakati wao.

Basi ukafika usiku wa kuingiza. Nikafanya kama nilivyoelekezwa: giza totoro, wageni wakapandishwa kichanjani kimyakimya, mlango ukafungwa. Alfajiri nikaamshwa na kelele. Polish mmoja alikuwa amebanwa kwenye kona, kishungi kimelowa damu, na Bi Mkubwa amemsimamia juu. Wenzake wamepanga foleni nyuma yake kila mmoja akisubiri zamu ya kudonoa. Maskini Polish hata hakujua anapigwa kutoka upande gani, maana kishungi kilimziba macho. Na kuku wakiona damu hawaachi. Silkie walikuwa sakafuni chini ya kichanja, wamejifunika kinyesi cha wenyeji, kwa kuwa Silkie haruki na kichanja changu kilikuwa cha juu. Brahma peke yake ndiye aliyekuwa anakula. Mwili ule nani amguse?

Nikawatoa wote. Polish nikamwosha, na kidonda kilipokauka nikamnyoa pembeni mwa macho kwa mkasi mdogo. Urembo ulipungua, lakini alianza kumwona adui kabla hajafika.

Kilichosaidia ni wavu. Niligawa uwanja katikati, chombo cha chakula kikawa huku na kingine kule, vyote vikigusa wavu, ili wale pamoja bila kufikiana. Siku za mwanzo Bi Mkubwa alishinda akitembea kando ya wavu shingo imetuna. Wengine walimaliza hasira mapema, yeye hakumaliza.

Hapo ndipo nilipotumia akili, na mpaka leo najisifu. Badala ya kuhangaika na wageni, nikamfunga mwenyeji. Bi Mkubwa nilimweka kwenye tenga kubwa nyuma ya nyumba, asikoweza kuona banda, na chakula chake na maji yake. Wavu nikauondoa. Bila kiongozi, wale watano wakadonoadonoa kidogo kwa heshima, ngazi mpya ikapangwa, na Brahma akajikuta juu bila hata kupigana. Nilipomrudisha Bi Mkubwa, mgeni alikuwa yeye. Aliingia kifua mbele akaenda moja kwa moja kwenye chakula, akamkuta Brahma. Wakatazamana. Brahma akampiga donoo moja la utosini, zito, kisha akaendelea kula. Bi Mkubwa akazunguka upande wa pili na kusubiri. Nilicheka peke yangu uani kama mwendawazimu.

Nilikuwa pia nimeegemeza mbao ukutani ili anayekimbizwa apate pa kupotelea. Kona isiyo na njia ya kutokea ndiyo inayoua. Kichanja cha Silkie nikakishusha karibu na sakafu. Manyoya yao hayazuii maji, kwa hiyo mvua ikinyesha uwaingize, wenyewe watabaki wamesimama wanalowa. Chombo cha maji kiwe chembamba mdomoni, la sivyo vishungi vya Polish vitalowa kutwa. Na kama wageni bado wadogo, acha chakula cha kutagia, chokaa yake ni nyingi mno kwao. Wape wote cha kukuzia, na maganda ya chaza uyaweke pembeni kwa wanaotaga.

Mayai? Usinunue Silkie kwa ajili ya mayai. Anataga kidogo, halafu anaatamia chochote, hata mpira. Mmoja wa majike wangu wawili, kwa kiapo cha muuzaji yuleyule, alikuja kuwika. Silkie wakiwa wadogo hata wazoefu hubahatisha jinsia.

Sikumuuza. Sasa jike lake ndilo linaloniongezea kundi. Namwekea mayai ya mbegu ya aina ninayoitaka, baada ya siku 21 anatoka na vifaranga, na hao hawahitaji wavu wala tenga, maana wanakua machoni pa wenyeji wakiwa na mama mkali. Kazi inayobaki ni chanjo ya mareksi, ugonjwa wa virusi unaopoozesha kuku, ambayo kifaranga anatakiwa apate siku ya kwanza, na Silkie huugua ugonjwa huo kwa urahisi. Chupa huwa na dozi nyingi, mara nyingi 1,000, na ikishachanganywa haikai. Mimi huwapigia simu wafugaji jirani kabla sijaifungua, tunachanja wa kila mtu asubuhi hiyohiyo.