Shule yetu haimgeuzi mtoto yeyote

Ndugu yangu wa Kisauni amenitumia ujumbe wa sauti akisema kwamba pesa ninazotuma nyumbani zina haramu ndani yake, kwa kuwa ninafanya kazi katika shule ya huku Toronto "inayogeuza watoto jinsia". Pesa hizo ndizo zinazolipa karo ya wanawe. Maneno yake yameniuma, nami namjibu hadharani kwa sababu najua si yeye peke yake Mombasa anayeamini hivyo.

Mimi ni msaidizi wa mwalimu darasani. Tunaye mwanafunzi aliyezaliwa mvulana, naye hujitambua kuwa msichana, na wazazi wake wanalijua hilo. Shule humwita kwa jina alilolichagua, imemruhusu kutumia choo cha mtu mmoja kilicho wazi kwa mtoto yeyote, na anayemkejeli huitwa pamoja na mzazi wake. Hakuna dawa wala sindano inayotolewa shuleni. Kabla ya kupewa choo hicho, chupa yake ya maji ilikuwa ikirudi nyumbani imejaa, kwani alijinyima maji kutwa nzima asije akalazimika kwenda msalani pamoja na waliokuwa wakimsukuma mlangoni. Siku hizi anakunywa.

Jimbo la Ontario, uliko mji huu wa Toronto, liliingiza utambulisho wa kijinsia, yaani jinsia ambayo mtu hujitambua kuwa nayo, katika sheria yake ya haki za binadamu mwaka 2012, na bunge la Kanada likafanya vivyo hivyo katika sheria ya taifa mwaka 2017. Wakanada wenyewe hawajaafikiana: mwaka 2023 Saskatchewan, jimbo jingine la Kanada, ilipitisha sheria inayotaka mzazi aridhie kabla ya mtoto wa chini ya miaka 16 kuitwa shuleni jina jipya linaloendana na jinsia anayojitambua kuwa nayo. Mimi ni mzazi, naelewa hamu ya kujua habari za mwanao, ila namwogopea mtoto ambaye habari hizo zikifika nyumbani atapigwa au atafukuzwa.

Anayetaka kuja kufanya kazi za shule huku ajue kwamba hatatakiwa kuacha dini yake, lakini atatakiwa kumwita mtoto kwa jina lake bila kumtweza.

Wala jambo hili si geni Kenya. Audrey Mbugua, Mkenya aliyezaliwa mvulana naye hujitambua kuwa mwanamke, alifanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, kwa jina la kiume, na ilimlazimu kwenda Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2014 iliamuru Baraza la Mitihani limpe cheti chenye jina lake jipya, kisicho na alama ya jinsia. Kama shule na baraza vingekuwa na utaratibu wa kumsikiliza, asingehitaji wakili ili apate cheti alichokitolea jasho.

Ndugu yangu ni mjumbe wa bodi ya shule. Katiba, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza viboko na manyanyaso ya kiakili. Namwomba, katika kikao kijacho, amuulize mwalimu mkuu ni hatua gani huchukuliwa mwanafunzi anapozomewa hadi akaacha kuja shule, na kama choo kimoja cha walimu kinaweza kufunguliwa kwa mtoto anayeogopa vyoo vya wenzake.