1NZ (injini ya Toyota ya lita 1.5) yenye turbo, Malindi: kuamua kompresheni kabla ya kuagiza pistoni

Hedi imeshushwa, na bloku imerudi kutoka kwa fundi wa mashine ikiwa imechongwa toka 75 hadi 75.5 mm. Namba moja inazuia kila kitu kingine: uwiano wa mgandamizo, yaani nafasi yote ya silinda pistoni ikiwa chini, igawanywe kwa nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu. Mradi huu utajengwa kwa 9.0, turbo (feni ya kusukumia hewa ndani ya injini) ikisukuma 0.6 bar juu ya hewa ya kawaida.

1NZ-FE hutoka kiwandani na 10.5. Kipenyo cha 75 na mwendo wa pistoni wa 84.7 mm hufanya kila silinda ifagie 374 cc. Toa moja kwenye uwiano, ugawanye: 374 kwa 9.5 ni 39.4 cc, nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu kabisa. Sasa silinda imepanuka, inafagia 379 cc. Nafasi ya juu ikibaki ileile, uwiano umeshapanda hadi 10.6 bila mtu kukusudia. Kwa 9.0 panatakiwa 379 kwa 8, yaani 47.4 cc. Zinakosekana 8 cc kila silinda.

Zitafutwe wapi? Njia ya mkato ni gasketi nene ya hedi, au mbili zikipandana. Gasketi yenye tundu la 76 mm huongeza 0.45 cc kwa kila 0.1 mm ya unene. Ili upate 8 cc utahitaji karibu 1.8 mm za ziada, na hapo ndipo injini inapoharibiwa kwa nia njema. Ukingo wa pistoni unatakiwa ukaribie hedi, 0.8 hadi 1.0 mm, ili mchanganyiko ubanwe na kurushwa katikati kwenye plagi, uungue upesi. Pengo likifika 2.5 mm, mchanganyiko wa pembeni hukaa umetulia unapikwa na joto, kisha hulipuka wenyewe. Utakuwa umeshusha kompresheni na bado injini inanoki. Kwa hiyo 8 cc zote zitatoka kwenye bakuli la pistoni (shimo linalochongwa juu ya pistoni), gasketi ibaki na unene wake wa kawaida.

Kwa nini 9.0? Namba nyingi zinazozunguka kwa mafundi zimetoka Nairobi, na Nairobi iko juu, hewa yake ina mgandamizo wa kama 0.83 bar. Malindi tuko usawa wa bahari: 1.01. Geji ikionyesha 0.6 huko, ndani ya manifoldi (bomba la kuingizia hewa kwenye injini) kuna 1.43, hapa kuna 1.61. Ni hewa zaidi kwa karibu asilimia 13, geji ikisoma namba ileile. Ongeza joto la kaskazi. Hewa ikiingia kwenye turbo na nyuzi 33, hutoka na nyuzi 95 hivi, na intakula nzuri (kipoza hewa ya turbo) huirudisha kwenye 52. Mtu aliyefanikiwa na uwiano wa 10 kule bara hajakosea. Ila namba yake isishuke naye pwani. (Unyevu wa pwani husaidia kidogo kuzuia noki. Ni kidogo mno kuwekwa kwenye hesabu.)

Kushuka hadi 8.0 nako kuna gharama. Kwa hesabu ya nadharia, kutoka 10.5 hadi 9.0 hupoteza kama asilimia 4 ya ufanisi, na 8.0 hupoteza zaidi ya 7. Asilimia 4 inarudi kwa chini ya 0.1 bar ya turbo. Lakini mjini, nyuma ya tuktuk, turbo haijaamka, na gari la 8.0 huwa zito na hunywa mafuta bure.

Kupima. Usiamini namba ya kwenye boksi la pistoni, kwa sababu imekadiriwa kwa hedi ambayo haijaguswa. Geuza hedi, funga vali na plagi, paka grisi nyembamba ukingoni, laza kipande cha plastiki angavu chenye tundu dogo, kisha jaza mafuta ya taa kwa bomba la sindano la 50 ml mpaka kipovu cha mwisho kitoke. Andika mililita za vyumba vyote vinne. Vikitofautiana kwa zaidi ya 0.5, sawazisha. Hedi ikipigwa skimu (kukwanguliwa uso ili unyooke) ya 0.2 mm, uwiano hupanda kwa karibu 0.1, kwa hiyo pima baada ya skimu.

Hapa neno moja huchanganya watu. Kompresheni anayopima fundi kwa geji kwenye tundu la plagi si uwiano huu. Ile hubadilika na ringi, vali, betri na taimingi ya kemshafti, na VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadilisha taimingi ya vali) ikichelewesha vali ya kuingiza hewa husoma chini ingawa uwiano haujabadilika hata kidogo.

Ringi: pengo kati ya ncha za ringi ya juu 0.38 mm, la ringi ya pili 0.43, likipimwa ringi ikiwa ndani ya silinda yake. Likiwa dogo, joto la turbo hukutanisha ncha na ukuta wa pistoni hupasuka. Rodi za kiwandani (zinazounga pistoni na kranki) ni nyembamba, zinabadilishwa sasa, kwa kuwa bloku haitafunguliwa mara mbili.

Mpango wa kuwasha: plagi baridi zaidi (inayotoa joto upesi) kwa ngazi moja, pengo 0.7 badala ya 1.1. Chini ya turbo, hewa 11.8 kwa petroli 1, na cheche icheleweshwe digrii moja kwa kila 0.07 bar, ndipo iongezwe taratibu. Chupa ya kunasa oili ni ya lazima. Mvuke wa oili ukirudi kwenye manifoldi hushusha oktani (uwezo wa petroli kuzuia noki), na masizi yake hula zile 8 cc kidogokidogo. Baada ya kila jaribio kwenye barabara ya Gede, ng'oa plagi: vidoa vyeusi au vya kung'aa kama alumini kwenye kauri nyeupe maana yake noki ilikuwepo hata kama sikio halikusikia.

Pistoni zinaagizwa 75.5 mm, na kina cha bakuli kitaandikwa baada ya mililita za hedi kupatikana. Zikifika, kabla ya kufunga: weka plastisini (udongo laini wa kuchezea) juu ya pistoni, funga hedi kwa muda, zungusha kranki kwa mkono mara mbili, fungua, kata plastisini, pima nafasi kati ya vali na pistoni.