Siku moja maishani mwangu: kusanifu kiungo cha plastiki Lubumbashi

Saa moja asubuhi. Majirani wa Katuba wanajua mimi nachora kwenye kompyuta, basi. Kazi yangu ni kusanifu vipande vya plastiki kabla kalibu ya chuma, ambamo plastiki iliyoyeyushwa humiminwa, haijachongwa, na kalibu ikishakosewa, hela imekwenda. Sasa nina kiungo cha taa ya sola: tufe ndani ya kikombe, kama nyonga, ili kichwa cha taa kigeuke kila upande na kitulie kinapoachwa.

Saa mbili hadi saa nne, hesabu. Tufe ni la asetali, aina ya plastiki ngumu, kipenyo milimita 20. Asetali husinyaa karibu asilimia 2 ikipoa, kwa hiyo nafasi kwenye kalibu ingekuwa kama 20.4. Naanza chini ya hapo makusudi: kupunguza chuma ni rahisi, kukirudisha ni taabu.

Saa tano akaingia mteja, mzee muuza taa. Akageuzageuza mfano niliouchapa kwa printa ya 3D.

"Mwanangu, hii mipasuko ya nini? Watu watasema taa imevunjika. Iondoe."

"Papa, bila hiyo tufe haliingii."

"Lisukume."

Nikaeleza. Kikombe kinakumbatia tufe kupita nusu, ndiyo maana halichomoki. Lakini hata chuma cha kalibu kinachounda shimo la kikombe kinanaswa vilevile, kuta zisipopanuka. Mipasuko inazigawa kuta ziwe vidole vinavyopinda. Akasikiliza vizuri, akanywa chai, akarudia: iondoe. Saa sita ikapita, saa saba ikapita, umeme ukakatika, bukari yangu, yaani ugali, ikapoa, sisi tuko palepale. Mwisho nikampa kikombe kisicho na mipasuko, asukume mwenyewe. Akasukuma mpaka jasho likamtoka. Kikapasuka ta!

"Basi iache," akasema. "Lakini uifiche."

Hapo alinifaa. Pete ya chuma kuzunguka vidole itaficha mipasuko, tena itabana, maana plastiki inayokazwa siku zote hulegea polepole.

Umeme ulirudi giza limeshaingia. Ukabaki mshono: pale nusu mbili za kalibu zinapokutana, tufe hutoka na ukingo mwembamba unaokwaruza kikombe. Nikausawazisha uso wa tufe kidogo kufuata mstari huo, ukingo ukae chini ya mviringo. Mnunuzi hatauona kamwe. Mimi nimeukalia mpaka macho yanauma, na taa ya yule mzee itageuka laini.