IRC bado inafaa, na unaweza kuizungumza kwa mkono

Jarkko Oikarinen aliandika IRC (Internet Relay Chat), mfumo wa gumzo la maandishi mtandaoni, mwaka 1988 kule Oulu, Finland, na hadi leo itifaki hii, yaani lugha ambayo programu na seva huzungumza, ni maandishi matupu. Huhitaji hata programu ya gumzo. Fungua terminali, andika `openssl s_client -quiet -crlf -connect` kisha anwani ya seva, nukta pacha na mlango 6697, ule uliosimbwa. Mlango 6667 hupitisha kila kitu wazi, uepuke.

Tuma `NICK asha7` (jina lako la gumzo), halafu `USER asha 0 * :Asha`. Seva nyingi hapo hutuma `PING` yenye msimbo. Jibu `PONG` na msimbo uleule upesi, la sivyo unakatwa kabla hujaingia. Ukiona namba 433 kwenye jibu la seva, jina lina mwenyewe; tuma `NICK` nyingine. Ukiona 001 umepokelewa: ingia chumba cha gumzo kwa `JOIN #majaribio`, kisha andika `PRIVMSG #majaribio :Hamjambo`. Nukta pacha hiyo usiisahau, bila hiyo linafika neno la kwanza tu.

Usiache `-quiet`. Bila hiyo, openssl huchukulia mstari unaoanza na Q kubwa kuwa ni amri yake yenyewe, na muunganisho unafungwa kabla `QUIT` yako, amri ya kuondoka, haijafika kwa seva.

Ujumbe mmoja una kikomo cha baiti 512, pamoja na alama mbili za mwisho wa mstari. Seva huongeza jina na anwani yako mbele inapousambaza, kwa hiyo maandishi marefu hukatwa mkia kimyakimya. Mimi napendekeza usizidi baiti 400. Emoji nyingi hula baiti 4 au zaidi kila moja.

Kwa mtandao dhaifu, sijaona gumzo jepesi kuliko hili.