Siku Moja Chini ya Mizabibu ya Bargino

Nimelelewa na zabibu. Baba analima Hombolo, nje kidogo ya Dodoma mjini, ekari mbili za Makutupora nyekundu, na ada yangu ya shule ilitoka kwenye nguzo zile na nyaya zile. Kwa hiyo binamu yangu anayeishi Firenze aliponiuliza nikifika Italia ningependa kuona nini, sikutaja kanisa wala sanamu. Nilimwambia nataka kuona familia inayoishi kwa zabibu tangu zamani, nione wao wanafanyaje.

Ilikuwa mwisho wa Septemba. Kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya pili yalikuwa yanaishia. Wao wana mavuno moja tu, na nilifika yakiwa yamepamba moto.

Tulianzia mjini, kwenye uwanja unaoitwa Antinori, mbele ya jumba ambalo familia yenye jina hilo ililinunua mwaka 1506. Biashara yao ya mvinyo ni ya zamani zaidi ya jumba. Mwaka 1385 Giovanni di Piero Antinori alijiandikisha kwenye chama cha wauza mvinyo cha Firenze, na tangu siku hiyo kazi imepita vizazi 26. Mimi nikijikaza sana nafika kwa babu wa babu, hapo nagota.

Binamu alinionyesha pia kitu ambacho hata wenyeji wengi hukipita bila kukitazama. Kwenye kuta za majumba ya zamani ya Firenze kuna vidirisha vidogo vya mawe, vyenye tao juu, vya kupitisha chupa moja tu. Nilikipima kimoja kwa mkono, shubiri moja na nusu kwenda juu. Mabwana wenye mashamba nje ya mji waliuza mvinyo wao hapo, mteja akiwa amesimama barabarani: anapitisha hela, anapokea chupa. Tauni ilipoingia mji ule miaka ya 1630, vidirisha viliwafaa kwa kuuziana bila kugusana. Mimi lililonikaa kichwani ni jingine. Kati ya shamba na mnywaji hapakuwa na dalali.

Bargino, kwenye kiwanda chao cha mvinyo, iko upande wa kusini, kwenye barabara kuu ya kwenda Siena, kama nusu saa kwa gari. Ukiwa barabarani unaweza kupitiliza. Unaona kilima cha mizabibu chenye michirizi miwili mirefu, kana kwamba mtu amekichana kwa panga, basi. Kiwanda chote kimezikwa humo ndani. Kilichukua zaidi ya miaka saba kujengwa, kikafunguliwa 2012, na juu ya paa wakarudisha udongo na kupanda mizabibu. Unapanda kwa ngazi ya chuma chenye rangi ya kutu, inayozunguka kama kizibuo cha chupa, unatokea juani katikati ya mistari ya zabibu, na chini ya miguu yako mvinyo unachachuka.

Pale ukingoni kulikuwa na mfanyakazi, mzee wa makamo, akizunguka na kidude mkononi. Anachuma tembe moja huku, moja kule, anaminya tone kwenye kioo chake, anakiinua kwenye mwanga na kuchungulia kwa jicho moja. Nilikijua kile kidude. Ndicho wanachokuja nacho wanunuzi Hombolo kupima sukari, na kwa namba wanayoisoma wao ndipo bei inapopangwa. Baba ameuza zabibu zaidi ya miaka ishirini na hajawahi kuchungulia humo. Nilimwamkia yule mzee, nikamwonyesha kwa ishara kwamba naomba. Akanipa. Ndani, mstari wa bluu ulikuwa umesimama kwenye 24. Nilikishikilia muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, naye akaniacha.

Dada aliyetutembeza alitueleza kwamba zabibu zinapokelewa juu, kisha kila hatua inashuka ngazi moja chini: kuchambuliwa, kwenye matangi, kwenye mapipa. Mchuzi unateremka kwa uzito wake, hausukumwi sana na pampu. (Kwetu Dodoma zabibu zilizokamuliwa tunaziita mchuzi wa zabibu, na sijaona neno linalolifaa kuliko hilo.) Zabibu kuu ya huko ni sangiovese. Chupa haiandikwi Chianti Classico, jina la mvinyo wa eneo hilo, mpaka angalau asilimia 80 ya kilichomo iwe sangiovese, na zilizokidhi masharti zinabandikwa alama ya jogoo mweusi.

Kisha tukashuka kwenye mapipa.

Ukumbi ule una matao ya matofali ya udongo wa kuchoma, giza kiasi, na baridi inayokushika shingo ingawa nje lilikuwa linawaka. Ubaridi wenyewe ni wa ardhi. Mapipa ya mwaloni yamelala kwa mistari hadi macho yanapochoka, na harufu ni ya mbao mbichi, hamira na tunda lililoanza kusahau kwamba lilikuwa tunda. Niliweka kiganja kwenye pipa moja. Nikakumbuka mwaka niliokuwa darasa la sita.

Mwaka ule lori la mnunuzi halikuja. Tulishavuna kama tulivyoambiwa, kreti zimepangwa chini ya mwarobaini, tumezifunika kwa majani. Siku ya kwanza baba alikaa barabarani. Siku ya pili nyuki walikuja. Siku ya tatu kreti za chini zilianza kuvuja, mchuzi ukafanya mfereji mwekundu hadi kwenye njia ya ng'ombe, na jioni mwanamume mmoja alifika na pikipiki akataja bei ambayo mama alipoisikia aliingia ndani. Tukauza. Zabibu iliyovunwa haisubiri, kwa hiyo mkulima hana sauti. Kwenye ukumbi ule wa Bargino niliona mavuno yaliyolala miezi 12, mengine zaidi ya hapo, na hakuna anayekaa barabarani kuyaombea mteja.

Niseme ukweli, subira hiyo ina gharama. Hawa akina Antinori walikuwa pia wafanyabiashara wa hariri na wenye benki, na mwenye akiba ndiye anayeweza kungoja. Hata hivyo nao waliwahi kuyumba. Sehemu ya hisa iliwahi kwenda kwa Whitbread, kampuni ya bia ya Uingereza, na ni mwaka 1991 ndipo Piero Antinori alipozirudisha nyumbani. Leo binti zake watatu, Albiera, Allegra na Alessia, ndio wenye kazi.

Vyumba vya kuonjea ni vya vioo, vimening'inia juu ya ukumbi wa mapipa. Unakunywa huku unayatazama yaliyolala chini yako, na kwa kweli sauti zinashuka zenyewe, kama kanisani kabla ya ibada. Tulionja minne. Miwili ya kwanza ilikuwa mizuri, sina zaidi. Wa tatu ulikuwa Tignanello. Mwaka 1971 Piero na mtaalamu wake Giacomo Tachis waliutoa nje ya jina la Chianti, kwa sababu kanuni za wakati huo zilidai kuchanganya zabibu nyeupe nao hawakutaka. Wakauandika mvinyo wa mezani, daraja la chini kabisa kwenye karatasi, na dunia ikaulipia kuliko wenye daraja. Mdomoni ulianza kama zambarau iliyoiva, ukaja na uchachu wa ukwaju, kisha ukakasi ukaninata kwenye fizi kama ndizi mbichi, ukaondoka taratibu sana. Wa nne sikuusikia vizuri, nilikuwa bado kwenye wa tatu.

Nilipiga simu nikiwa maegeshoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umewaona hao watu?"

"Nimewaona, na mashamba yao."

"Kilo wanauza bei gani?"

"Hawauzi kilo, baba. Zabibu za hapa hazitoki zikiwa zabibu."

Akanyamaza. Nilisikia kuku wa nyumbani.

"Wanaweka kwenye nini?"

"Mapipa ya mbao. Lita 225 kila moja."

"Ndoo kumi na moja," akasema, "na robo." Baba hesabu za ndoo hazimpigi chenga. "Hiyo ni mistari minne ya kule juu, zikizaa vizuri. Mbao gani?"

"Mwaloni."

"Huku hakuna mwaloni."

"Wengi wanatumia matangi ya chuma, baba. Hata ya plastiki yapo."

"Sawa." Akakohoa kidogo. "Na kile kidude cha kuchungulia sukari, umekiona?"

"Nimekishika mwenyewe."

"Kinauzwa?"

"Nadhani kinauzwa madukani, Firenze."

"Basi kesho kitafute kabla hujafanya jambo lingine lolote," akasema, "na uniandikie namba zake zinasomwaje."