Siku Moja na Dodoso la Siasa Mjini Busia

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla foleni ya malori haijarefuka hapa Busia, Uganda, kuelekea mpaka wa Kenya, sisi wadodosaji tumekwisha kukagua tableti, betri za akiba na barua za utambulisho. Barua ndizo zinazotangulia. Mtu anayebisha hodi na kuuliza habari za rais na wabunge bila kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na bila ofisi ya RDC, mwakilishi wa rais wilayani, kujulishwa, hafiki mbali.

Saa mbili tunaketi kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ambaye anasoma barua mara mbili kisha anauliza swali ambalo huulizwa karibu kila mahali: "Mwanangu, kijiji kizima hiki, nanyi mnataka watu wanane tu?" Namjibu kwamba mnunuzi wa mahindi hamwagi gunia zima chini, bali hulichoma bambo na kutazama punje zilizotoka. Mzee, aliyewahi kufanya biashara ya nafaka, anacheka na kuniongezea kwamba bambo lichomwe hadi katikati, kwa kuwa wajanja huweka mahindi mazuri juu. Hiyo ndiyo kanuni yetu. Sensa ya 2024 ilihesabu watu wapatao milioni 45.9 nchini, lakini sampuli ya watu wazima 1,200 ikichaguliwa kwa bahati nasibu hubeba kiwango cha makosa cha takriban asilimia 3 juu au chini, na ya 2,400 takriban asilimia 2. Isipochaguliwa kwa bahati nasibu, hata watu laki moja hawatoshi.

Kwa sababu hiyo tunamshukuru mwenyekiti anapojitolea kutuonyesha "nyumba za watu wenye akili", kisha tunaanza kuhesabu wenyewe. Leo ni tarehe 14, hivyo tunajumlisha 1 na 4 na kuanzia nyumba ya tano; baada ya hapo tunahesabu kumi kila mara, mwanamume na mwanamke kwa zamu, na ndani ya kaya tableti ndiyo inayochagua wa kuhojiwa.

Saa nne tableti imemchagua mama mmoja anayepepeta mukene, yaani dagaa, kwenye ungo. Anachagua Kiswahili, ingawa dodoso lipo pia kwa lugha nyingine. Kuhusu bei, maji na barabara anajibu bila kusita, mikono ikitoa mchanga na vipande vya majani katikati ya dagaa hao. Tunapofika kwenye swali la uchaguzi wa rais, kwamba ukifanyika kesho angempigia mgombea wa chama gani, mikono inasimama. Mumewe amekuja kusimama mlangoni. "Andika ile ya serikali," anasema mama. Siwezi kuandika chama ambacho hakukitaja. Namwomba mume kwa heshima atupishe, anaondoka, nami narudia swali neno kwa neno. "Kura ni siri, mwanangu." Najaza kwamba amekataa kujibu, na baadaye, kwenye sehemu inayojazwa na mdodosaji peke yake, naeleza kwamba kulikuwa na mtu mwingine akisikiliza. Wanaochukua majibu ya namna hii na kuwagawia wagombea kwa makisio yao wangepaswa kwanza kuketi mbele ya ungo ule.

Mchana unapita kwa chai na muhogo. Saa nane nahojiana na kijana wa bodaboda ambaye, tofauti na yule mama, anataka kujibu hata ambayo sijauliza. Swali la ukomo wa mihula ya urais, uliofutwa katika katiba mwaka 2005, kabla ya kikomo cha umri wa miaka 75 kufutwa mwaka 2017, hujibiwa waziwazi kuliko swali la chama, nadhani kwa kuwa halimlazimu mtu kujitangaza yuko upande gani.

Swali la mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote: "Unadhani nani ametutuma?" Mwanzoni nilimsomea kwamba hatutoki serikalini wala katika chama chochote, lakini baada ya saa nzima ya mazungumzo, kijana ananitazama na kusema, "Serikali, lakini si vibaya." Jibu hilo haliondoi mengine, ila humwezesha mchambuzi kulinganisha wanaodhani wanazungumza na serikali na wasiodhani hivyo. Ripoti inayotaja asilimia za wagombea bila kulizungumzia jambo hili naisoma kwa tahadhari.

Saa kumi na moja narudi kwa aliyechaguliwa asubuhi akawa sokoni. Saa moja usiku msimamizi anakagua muda na mahali pa kila hojaji. Moja imekwisha upesi mno, hivyo atampigia mhojiwa simu kuhakikisha. Kesho tunakwenda Majanji, ziwani, na tumekubaliana kuanza alasiri, kwa sababu wavuvi wa mukene hufanya kazi usiku na asubuhi huwa wamelala.