Kupika sio kazi, kazi ni kuwapata wenyewe
Najitolea kupeleka chakula kwa wazee majumbani (hii kitu sio mpya jamani, Uingereza walikua wanafanya tangu Vita vya Pili vya Dunia) na nilichoona ni kwamba wale wenye shida kabisa hawapigi simu. Unaweka tangazo mtandaoni, anaeliona ni mjukuu tena anapita tu, mzee mwenyewe meseji hasomi maana maandishi madogo. Wanaotupa majina ni manesi, wauza dawa, majirani, hao ndo wanajua nani kakonda ghafla na nani hatoki nje siku hizi.

Halafu ukimpata anakwambia "wapelekee wenye shida, mimi nimeshakula" wakati sufuria zimegeuzwa kifudifudi, kavu kabisa. Hapo ukitamka neno msaada umeshamkosa. Kuna bibi alikataa katakata mpaka nikamwambia bibi onja tu uniambie kama chumvi imezidi, akaonja, akaponda mapishi yetu weee, ila kesho yake nakuta mlango uko wazi ananisubiri 😂

Afu msiache chakula mlangoni mkakimbia. Gonga, subiri, wengine mpaka ainuke atafute mkongojo ni shughuli. Mwenye meno machache mpe laini, mwenye presha punguza chumvi, anaetumia insulini asichelewe kula maana sukari inaweza kushuka vibaya. Na asipofungua usiondoke kimya kimya, uliza jirani, pigia ndugu zake, labda kaanguka huko ndani na wewe ndo mtu wa kwanza kufika.